Theluji wala sio shida, ogopa siku inayoyeyuka

Kuna dada kaniandikia meseji, yuko mwaka wake wa kwanza kwenye mji wa baridi, ananiuliza theluji ikianguka atatokaje ndani. Nikamwambia we toka tu, tembea kwa raha zako, hatari inakuja siku mbili tatu baadaye wakati kila mtu anasema afadhali baridi imepungua.

Wiki iliyopita mtaani kwetu ndo ilikuwa hivyo. Jumatatu imeamka nyeupe kila kona, watu wanapiga picha. Mimi nikatoka na beleshi mapema kabla watu hawajaanza kupita, maana theluji ikiwa laini unaisukuma tu, ila ikishakanyagwa inashikana na sakafu ya njia na hapo utagonga mpaka mabega yaote moto. Jirani mmoja akanichungulia dirishani huku anatabasamu. Huyo huyo ndo aliyeniambia nilipohamia hapa kwamba sisi watu wa joto hatuwezi haya mambo. Sijasahau.

Jumatano jua likawaka. Yale marundo yaliyosukumwa pembeni yakaanza kutoa maji, maji yakakatiza njia ya miguu, usiku jotoridi likashuka chini ya sifuri, basi Alhamisi alfajiri njia inaonekana kama imelowa tu, nyeusi, inang'aa kidogo chini ya taa, kumbe barafu tupu. Jirani kapiga mwereka mlangoni kwake, begi kule yeye huku. Kwangu pakavu! Nikampelekea ndoo ya mchanga na sikusema kitu, ila jamani moyoni nilicheka mpaka basi.

Sasa nisikilizeni. Utabiri wa mchana ni wa kukufariji, we angalia wa usiku. Mchana ukivuka sifuri halafu usiku ukarudi chini, kesho yake tembea hatua fupi, mguu mzima chini, mikono nje ya mifuko. Rundo lako la theluji liweke upande ambao njia imeinamia, maji yakitoka yasipite unapokanyaga. Hili watu wengi hawalifikirii kabisa, na ndo siri yangu yote. Chumvi ya kuyeyusha barafu nayo wanamwaga kama wanalisha kuku, wakati chumvi ya kawaida ikifika kama nyuzi 9 za Selsiasi chini ya sifuri inakuwa haifanyi kazi ya maana, hapo mwaga mchanga, hauyeyushi chochote ila mguu unashika.

Na tuache uvivu wa kusema atasafisha mwingine. Hapo kwako anapita mzee, anapita mama na kigari cha mtoto, akivunjika nyonga utamwambia ulikuwa umelala? Mtu mzima na beleshi lako limesimama tu nyuma ya mlango, haya ni mambo gani.

Mabomba je? Maji yakiganda yanatanuka karibu asilimia 9, ndo maana bomba linapasuka, kwahiyo usiku ule mkali acha koki idondoshe kidogo kidogo na milango ya kabati la chini ya sinki uiache wazi joto liingie. Halafu tafadhali usimwage maji ya moto kwenye ngazi ukidhani unayeyusha barafu, nusu saa tu yameganda tena na yanateleza kuliko mwanzo.