Toleo la kawaida au Ultimate?

Ndugu, nimekuelewa: unacheza gemu ya mpira na washikaji wikendi tu, ila tangazo la toleo la Ultimate la EA Sports FC limekutia tamaa. Chukua la kawaida.

FC 25 ilipotoka mwaka 2024, la kawaida lilikuwa dola 69.99, Ultimate 99.99. Sehemu kubwa ya nyongeza ile ni siku 7 za kuanza mapema na pointi za kufungulia pakiti za Ultimate Team, ile sehemu ya gemu ya kujenga timu kwa kadi za wachezaji. Kama hugusi Ultimate Team, pointi hizo ni vocha ya mtandao usio na laini yake. Mimi niliwahi kulipia siku za mapema za gemu fulani. Zikaishia kwenye kupakua faili kwa bando la usiku!

Ukiagiza mapema Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, unaweza kughairi kabla haijatoka. Ikishatoka una siku 14 za kuomba urudishiwe pesa, mradi hujafikisha saa 2 za kucheza, na tangu Aprili 2024 muda wa kucheza mapema nao unahesabiwa. Ukiagiza PlayStation, zima kwanza upakuaji wa moja kwa moja. Ukishaanza kupakua, kurudishiwa ni ngumu.

Na usinunue akaunti ya mtu eti bei poa. Akibadili nywila tu, gemu imekwenda.