Maswali ya Wasomaji: Bangili 300 na Picha ya Msichana

SWALI: Ndugu Mshauri, pokea salamu. Mimi ni mlezi katika shirika dogo lisilo la kiserikali jijini Arusha, linalowapa hifadhi wasichana waliokimbia ukeketaji au ndoa za utotoni. Kwa sasa tunao 14, wenye umri wa kati ya miaka 13 na 20, na jioni tunawafundisha kutunga shanga. Bangili moja tunaiuza shilingi 5,000. Mwezi uliopita mwenye duka mmoja wa Ujerumani aliagiza bangili 300 kwa bei hiyo hiyo, ziwe tayari katika muda wa wiki tatu, kwa sharti kwamba kila moja iambatane na kadi yenye picha ya msichana aliyeitengeneza na maelezo ya yaliyompata. Wenzangu wamefurahi, kwa kuwa tunadaiwa kodi ya nyumba. Msichana mmoja wa miaka 15 amenyamaza tangu aliposikia habari za picha. Nimekutumia bangili moja uione. Je, tukubali?
Mlezi, Arusha

JIBU: Dada Mlezi, nianze na huyo aliyenyamaza, kwa sababu yeye amekwisha kukujibu. Mtoto aliyetoroka usiku ili asiozwe anajua vizuri kuliko sisi kwamba picha iliyoning'inizwa dukani Ujerumani inaweza kupigwa na simu ya mteja, na kabla ya juma kwisha ikawa imefika kwenye simu ya baba mdogo kule bomani, pamoja na jina la shirika linalomhifadhi. Ninyi mmejitahidi kuficha nyumba yenu ilipo, halafu mwaichapishe kwenye kadi 300?

Huenda wenzako watasema kwamba wasichana wataombwa ridhaa kwanza. Ni kweli kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaipa ridhaa uzito mkubwa, lakini jiulize ni ridhaa gani atakayoitoa mtoto kwa mtu anayempa ugali, kitanda na ada ya shule. Mwandikieni mteja kwamba kadi itaeleza bangili yenyewe: imetungwa Arusha, kwa mkono, kwa rangi fulani, na fedha inagawanywa namna gani. Kule Nairobi, karakana ya Kazuri ilianza mwaka 1975 kwa kuwaajiri akina mama wawili waliokuwa wakilea watoto peke yao, ikakua hadi kuajiri mamia. Habari ya akina mama hao haifichwi, lakini anayevaa shanga zile za udongo huwa amevutiwa na rangi zake kabla ya kusikia habari ya mtu yeyote. Mteja anayenunua kwa huruma hununua mara moja.

Sasa tuje kwenye hesabu, ambayo naiogopa zaidi kuliko picha. Tuseme shanga, uzi na kifungio vya bangili moja vinagharimu shilingi 2,500, na ufungaji pamoja na usafiri shilingi 1,000. Kwa bei yenu ya 5,000 inabaki shilingi 1,500. Bangili kama hii uliyonitumia, yenye safu tano, mtu aliyezoea haimalizi chini ya saa mbili, kwa hiyo kila saa ya kuinamia sinia la shanga inapata shilingi 750, tena hapo shirika halijachukua hata senti. Kama mngemlipa mtengenezaji shilingi 2,000 kwa saa, gharama peke yake ingefika 7,500, na bei ya jumla isiyopungua 10,000 ingekuwa ya haki. Mjerumani huyo naye anajua atakayoiuzia.

Bangili 300 kwa saa mbili ni saa 600. Ni nani atakayezifanya? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, mradi isimdhuru mtoto wala kumkosesha masomo, nayo inakataza kumfanyisha mtoto kazi usiku na inataka alipwe. Kwa hiyo wa miaka 13 hayumo kabisa, na wanaosoma wanaweza kujifunza ufundi huu Jumamosi bila kupangiwa idadi. Wanaobaki ni waliotimiza miaka 18. Hata wakiwa sita, kila mmoja atabeba saa 100, yaani wiki tano za saa 20, nawe umepewa wiki tatu. Najua kitakachotokea mkikubali: taa zitawaka hadi saa sita usiku, na Jumatatu watoto watasinzia darasani.

Kuhusu kodi ya nyumba, nakuhurumia, lakini deni la shirika halipaswi kulipwa na vidole vya watoto waliokuja kwenu kuponywa. Kodi itafutiwe wafadhili na michango. Fedha ya shanga imlipe kwanza aliyezitunga, siku anapokabidhi kazi, hata kama bangili yenyewe itakaa kabatini miezi mitatu.

Bangili yako ninayo hapa mezani. Rangi nyekundu, nyeupe na buluu zimepangwa kwa jicho zuri mno. Hata hivyo, fundo la mwisho limechomwa kwa kiberiti, ncha ya nailoni imekauka kama mwiba, na nilipoivaa ilinikwaruza mkono. Afadhali uzi urudishwe ndani ya shanga nne au tano kabla ya kukatwa. Shanga za bei nafuu hazilingani ukubwa, kwa hiyo wafundishe wasichana kuzichambua kwanza kama mchele.

Mjibuni mteja hivi: bangili 100, wiki tano, shilingi 10,000 kila moja, bila picha. Akikataa, mtakuwa mmepoteza hasara.

SWALI: Ndugu Mshauri, kila Desemba hununua hereni za shanga kwenye maonyesho, na muuzaji huniambia kwamba pesa yote inakwenda kwa wasichana wenye shida. Nitajuaje kama ni kweli?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: "Yote" haiwezi kuwa kweli, maana shanga zenyewe hununuliwa dukani na meza ya maonyesho hulipiwa. Muulize aliyeitengeneza alilipwa kiasi gani kwa jozi moja, na kama alilipwa alipoimaliza au anasubiri iuzwe. Mwenye hesabu safi hujibu papo hapo. Vilevile, Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inalitaka kila shirika liandae taarifa ya kazi zake kila mwaka, na taarifa hiyo si siri, kwa hiyo unaweza kuiomba. Usidai kuonyeshwa wasichana. Na ukisharidhika na majibu, usiombe kupunguziwa bei.