Nina karakana ya watu nane, wakili wa kila mwezi wa nini?

SWALI: Shikamoo wakili. Nina karakana ya samani na mageti hapa Moshi maeneo ya Pasua, nina vijana 8, wawili ndo wana mkataba wa maandishi, hao sita tunalipana kila Jumamosi. Jina nimesajili BRELA, TIN ninayo, mashine ya EFD ninayo. Juzi nimepata oda ya vitanda na makabati ya lodge moja kule Marangu wakanipa mkataba wa kurasa 11 wote kiingereza, nikampelekea wakili mmoja mjini akanisomea, alipomaliza akasema kwa nini nisimlipe laki mbili kila mwezi awe wakili wa biashara yangu moja kwa moja. Mimi sijawahi kushtakiwa hata siku moja. Wenzangu wanasema hao wanataka hela tu, wakili unamtafuta ukipelekwa mahakamani. Je biashara ndogo kama yangu inahitaji kweli wakili wa kudumu? Na laki mbili ni sawa? Mkataba wenyewe sijasaini bado.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kazi ya Marangu. Nianze kwa kukwambia kwamba na mimi ni wakili na wateja wa kulipa kila mwezi ninao, kwa hiyo nisikilize ukijua hilo.

Wenzako hawajakosea kusema mawakili wanataka hela, ni kazi kama kazi nyingine. Walipokosea ni hapo kwenye "ukipelekwa mahakamani". Ukifika mahakamani ushahidi wote umeshatengenezwa tayari, na aliyeutengeneza ni wewe mwenyewe, ile siku uliposaini bila kusoma, ile siku ulipomtumia kijana meseji ukiwa na hasira, ile siku ulipopeleka mzigo ukarudi bila karatasi ya delivari iliyosainiwa. Wakili unayemletea kesi ikiwa imeshaiva anapika na vilivyomo kwenye kikapu, hawezi kurudi sokoni.

Nikupe jambo nililoshika kwa mikono yangu, nabadilisha vitu vidogo ili mhusika asijulikane. Kuna mzee mmoja mwenye gereji, mtu mwema kabisa, alikuwa na kijana wa kazi anayeuza spea zake kwa mlango wa nyuma, na mashahidi walikuwepo wawili. Jumamosi moja jioni akashikwa na hasira akamwandikia WhatsApp: "Kuanzia j3 usije, chako utakikuta kwa dada wa duka." Basi. Kijana akaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, akajaza Fomu Namba 1 ndani ya siku 30 kama sheria inavyotaka, wito ukaletwa gereji, mzee akausoma akaona limeandikwa usuluhishi akasema hawa ni wa kupatanisha tu, akautia kwenye droo ya risiti. Alipokuja kwangu alikuja na ule wito umekunjwa mara nne una alama za grisi, na wakati huo dalali wa mahakama alikuwa ameshafika kuangalia kompresa na jeki. Uamuzi ulikuwa umeshatolewa bila yeye kuwepo, maana Tume ina mamlaka hayo mtu akiitwa asipotokea.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba yule mzee sababu ya kumwachisha kijana alikuwa nayo kabisa. Ila Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka vitu viwili, sababu halali na utaratibu wa haki, na wa kuthibitisha vyote viwili ni mwajiri, sio mfanyakazi. Yeye alikuwa na cha kwanza, cha pili hakuwa na hata karatasi moja. Angenipigia ile Jumamosi kabla hajagusa simu ningemwambia mambo ya dakika kumi tu: mwandikie barua ya tuhuma, mpe angalau masaa 48 ajiandae, aje na mfanyakazi mwenzake, kaeni mumsikilize na yeye ajieleze, andikeni muhtasari msaini wote, halafu ndo uamue. Lakini mtu ambaye hana wakili hapigi simu Jumamosi jioni, anaona aibu, anawaza nitadaiwa hela ya kuuliza, na hasira haisubiri mpaka Jumatatu ofisi zifunguliwe. Mimi naona ile hela ya kila mwezi sehemu kubwa inanunua hicho kitu, kwamba unauliza bila kuogopa bili.

Sasa tuje kwako. Wale sita wa Jumamosi ndo wananitia wasiwasi kuliko mkataba wa lodge. Najua unawaita vibarua na wenyewe pengine wanajiita hivyo hivyo, ila sheria haiangalii jina, Sheria ya Taasisi za Kazi inamhesabu mtu kuwa mwajiriwa hata kwa kigezo kimoja tu kikitimia, mfano amekufanyia kazi wastani wa masaa 45 au zaidi kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita, au wewe ndo unampangia saa za kuingia na kutoka. Masaa 45 kwa mwezi kijana wa karakana anayamaliza ndani ya wiki moja! Na mkigombana huko mbele mmoja akasema tulikubaliana elfu ishirini kwa siku na wewe unasema elfu kumi na tano, karatasi ukiwa huna, jukumu la kuthibitisha linakuwa lako. Hata notisi zinatofautiana, wa kulipwa kwa wiki ni siku nne, wa kulipwa kwa mwezi ni siku 28, na yule ambaye hajafikisha miezi sita kazini zile kinga za kuachishwa isivyo haki hazimhusu bado. Haya wakili anayakuwekea kwenye mkataba wa kurasa mbili wa Kiswahili, mara moja, kwa wote nane, na michango yao ya hifadhi ya jamii, NSSF, mnainyoosha hapo hapo.

Pango nalo. Hujaniuliza ila najua fremu na yadi za huku zinavyopangishwa, mwenye nyumba anakuja na mkataba umechapwa steshenari, mwingine niliwahi kuuona jina la mpangaji aliyehama bado limo ukurasa wa pili, halafu anakwambia nataka laki tano yangu safi mkononi. Hapo kuna mtego. Ukiwa unafanya biashara unatakiwa kukata 10% ya pango unaipeleka mamlaka ya mapato, TRA, kama kodi ya zuio, usipokata deni linahesabika ni lako, na ukisaini kipengele cha "kodi zote atalipa mpangaji" umeshaikubali mwenyewe. Juu ya hapo kuna ushuru wa stempu, 1% ya pango la mwaka, na mkataba usio na stempu mahakama haiupokei kama ushahidi mpaka ulipiwe pamoja na faini. Watu wanajua haya siku mwenye nyumba ameshafunga kufuli.

Halafu kuna siku. Sheria zetu zina tabia ya kuhesabu siku na hazikusubiri uulize kwanza. TRA wakikuletea makadirio usiyokubaliana nayo una siku 30 za kuweka pingamizi, na unatakiwa uwe umelipa theluthi moja ya kodi waliyokadiria au kile kiasi usichobishania, kile kilicho kikubwa. Uamuzi wa CMA ukitaka kuupinga una wiki sita kuupeleka Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi. Deni la mkataba lina miaka 6, hapo una nafasi, ila ukinyamaza miaka sita kwa sababu mdaiwa ni rafiki basi umemsamehe. Na ukiendelea hivi hivi ukapata lodge nyingine mbili utakaribia mauzo ya milioni 200 kwa mwaka ambako lazima ujisajili VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani, na mikataba uliyosaini kabla ikiwa kimya kuhusu VAT utagombana na mteja nani anaibeba hiyo 18%. Mhasibu atakwambia umefika, ila ile sentensi kwenye mkataba kaziye ni wakili.

Jina nalo niguse kidogo tu, kusajili jina BRELA hakulindi nembo unayogonga kwenye vitanda vyako, alama ya biashara ni usajili mwingine, unadumu miaka 7 kisha unauhuisha kwa miaka kumi kumi. Kwa sasa sio haraka.

Mkopo ndo wa haraka zaidi, maana oda kubwa ikija watu wanakimbilia benki. Kabla hujaweka hati ya nyumba, au mbaya zaidi kihamba, lile shamba la ukoo, pita kwa wakili wako kwanza, nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mke, na nimeona ndugu wakikaa miaka hawasalimiani kwa ajili ya saini moja.

Kwa hiyo je unahitaji? Wewe naona ndiyo. Una watu wanane, una pango, una wateja wanaokupa karatasi za kiingereza, hayo matatu yakikutana mambo ya kuuliza hayakosi kila mwezi. Angekuwa mama mwenye mgahawa wa meza tatu anasaidiana na binti yake ningemwambia asilipe mtu kila mwezi, aende na karatasi anapokuwa na karatasi, na kama hana uwezo wapo wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya 2017 wanasaidia bure.

Laki mbili ni milioni mbili na laki nne kwa mwaka. Sio ghali wala sio rahisi mpaka ujue ndani yake kuna nini, na hapa ndo nakuomba usione haya kubana. Mwambie aandike. Nyaraka ngapi kwa mwezi, simu na WhatsApp ni bure au zinahesabiwa, barua ya kumdai mteja imo au haimo, kuja karakana kuongea na vijana imo? Kesi ya mahakamani au CMA kwa kawaida inalipiwa pembeni, ni sawa, ila bei yake ijulikane itapatikanaje, kuna amri ya malipo ya mawakili ya 2015 ya kuanzia mazungumzo. Mwezi usiokuwa na kazi je, hela inasogea mbele au imekwenda? Mkitaka kuachana notisi siku ngapi na mafaili yako unarudishiwa vipi. Akupe risiti ya EFD, na wewe unakata 5% ya zuio kwenye malipo yake, wakili anayekasirika ukikata hiyo mkimbie.

Na Moshi mji mdogo, muulize usoni kabisa kama anamfanyia kazi mwenye nyumba wako au hiyo lodge. Akisema ndiyo si kosa, ila kwenye mambo yao hawezi kuwa wako. Jina lake litafute kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama uone kama leseni yake ya mwaka huu iko hai, maana vishoka, mawakili feki, wapo na suti wanavaa vizuri kuliko sisi.

Mimi ningekushauri usianze na mkataba wa mwaka. Anza miezi sita, mpe kazi zinazoonekana: mikataba ya vijana wote, pango lisomwe upya na ligongwe stempu, fomu yako ya oda yenye adivansi na tarehe ya kumaliza malipo ili hata mteja wa geti moja asaini, na delivari yenye sehemu ya jina na saini ya aliyepokea. Hata meseji za WhatsApp zinakubalika kama ushahidi tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ila akuelekeze namna ya kuzitunza, ukibadilisha simu bila kuhifadhi umezipoteza. Miezi sita ikiisha angalia, kama hivyo vipo mkononi na umempigia zaidi ya mara tatu nne, endelea. Kama kakaa kimya tu anasubiri tarehe moja, achana naye.

Sasa huo mkataba wa lodge, kabla ya saini. Umesema alikusomea, sijui kama alikutafsiria tu au alikushauri, ni vitu viwili tofauti. Mpigie kesho asubuhi umuulize matatu. Nani anasema kazi imekamilika, maana ikiandikwa "mpaka meneja aridhike" na malipo yanaanza kuhesabiwa hapo, meneja anaweza kuchelewa kuridhika mpaka watalii waondoke. La pili, wakichelewesha wao adivansi, tarehe yako ya kukabidhi inasogea au faini ya kuchelewa inakula kwako? Na la tatu, vitanda vikishashushwa Marangu kabla hujalipwa ni vya nani, ajaribu kuweka kipengele kwamba vinabaki vyako mpaka hela iingie yote. Akikujibu hayo vizuri saini, akibabaika usinunue hata ubao mmoja wa mkongo, niletee hizo kurasa 11 nizisome.