Kaotea au kashtuka? Vibendera vya njano kabla mpira haujaanzishwa

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mi niko Dallas, mwanangu anacheza futiboli ya Kimarekani shuleni kwao na Jumapili tunaangalia NFL, ligi kuu ya mchezo huo, nyumbani pamoja na mama mkwe wangu, ambaye Kiingereza hakimpandi kabisa. Kila refa akirusha kibendera cha njano cha kuonyesha kosa kabla mpira haujaanza mi namwambia 'kaotea', basi imeisha. Shemeji yangu anabisha, anasema kuotea ni ya soka tu, hiyo iitwe 'penati'. Tusemeje?"

Marahaba. Nianze na hiyo penati ya shemeji kwa sababu hiyo ndo inaharibu zaidi. Penati kwa Mswahili ina sura yake tayari, mpira umewekwa kwenye doa, kipa yuko golini, mtu mmoja anapiga. Ukimwambia mama "wamepewa penati" atakaa anasubiri mpigaji, na hatokei mtu, refa anasogeza mpira yadi 5 na mechi inaendelea. Semeni faulo, au adhabu, na mtaje yadi: "wamerudishwa yadi 5", "wamesogezewa yadi 5". Yadi 5 ni kama mita nne na nusu hivi, na karibu faulo zote za kabla ya mpira kuanzishwa ni hizohizo 5, kwa hiyo mama akishazoea namba hiyo nusu ya kazi imekwisha.

Sasa kuotea. Shemeji hana haki ya kulifunga hili neno kwenye soka. Kuotea asili yake ni kuvizia, mwindaji anaotea windo, na soka lenyewe lililiazima tu kwa yule anayevizia nyuma ya mabeki. Likiazimwa tena kwa mchezo mwingine hakuna ubaya, mradi liangukie kwenye kosa linalofanana nalo. Na lipo, moja. Mpira ukiwa umelazwa chini, katikati ya timu mbili inabaki nafasi yenye urefu wa mpira wenyewe, hata futi moja haifiki, na mpira unapoanzishwa hakuna mtu anayeruhusiwa kuwa na kiungo chochote ndani ya nafasi hiyo wala upande wa wenzake, isipokuwa yule anayeushika mpira ili kuuanzisha. Ukiwemo, umeotea. Tena lugha yetu inakaa vizuri hapa, maana "ameotea" iko kundi moja na "amekaa", "amesimama", "amelala", ile -me- haikwambii tu kwamba kitu kimetokea inakwambia mtu yuko katika hali hiyo sasa hivi, na kosa la kuotea ni hali hasa, refa anaangalia ulikuwa wapi mpira ulipoondoka chini, haangalii ulifanya nini.

Mfano ambao mashabiki wa Kansas City hawajausahau ni wa Januari 2019, fainali ya AFC, yaani ya nusu moja ya ligi, mshindi anaenda Super Bowl. Chiefs, timu yao, wanaongoza 28 kwa 24 dhidi ya Patriots, haijabaki hata dakika moja, Tom Brady wa Patriots anarusha, mpira unagonga mikono ya mwenzake Rob Gronkowski unaruka juu na Charvarius Ward wa Chiefs anaudaka. Mechi imekwisha, ungesema. Kumbe kuna kibendera chini: Dee Ford, mlinzi wa Chiefs, alikuwa amejipanga huku kaingia ndani ya ile nafasi. Hakuchomoka mapema, hakumgusa mtu, alikuwa tu amekaa mbele kuliko inavyotakiwa. Patriots wakarudishiwa mpira, wakafunga, mechi ikaenda muda wa ziada wakashinda 37 kwa 31. Hapo mwambie mama "kaotea" kwa sauti kubwa, neno limekaa mahali pake. Na washambuliaji nao wanaotea, Desemba 2023 Chiefs haohao walinyimwa tachidauni, yaani bao kubwa la mchezo huu, dhidi ya Buffalo kwa sababu mchezaji wao Kadarius Toney alijipanga mbele ya mstari wa mpira, wakafungwa 20 kwa 17.

Umeona kitu kimoja kwenye mifano yote miwili? Mchezo haukusimama. Watu walicheza mpaka mwisho ndo wakaambiwa. Kwa hiyo ukisema "kaotea" kwa vibendera vyote mama atachanganyikiwa, mara mpira unaendelea, mara filimbi inapigwa hapohapo kila mtu anasimama, na ataona kama marefa wanafanya wanavyojisikia.

Kosa linalosimamisha mchezo papo hapo, lile mnaloliona mara nyingi kuliko yote, mi naliita kushtuka. Yaani yule jamaa mkubwa wa mstari wa mbele ameinama, mkono wake umegusa majani, akishauweka hivyo haruhusiwi kuunyanyua wala kujitingisha kama anayeanza, anatakiwa agande mpaka mpira uanzishwe. Bega likicheza kidogo, filimbi. Wachambuzi wanaiita folsi stati na wengi mmezoea kusema "kawahi" kama kwenye riadha, Usain Bolt alipotolewa kwenye fainali ya mita 100 kule Daegu mwaka 2011 tulisema kawahi na ilikuwa sawa kabisa, kwa sababu alikimbia kweli. Huyu wa futiboli mara nyingi hakimbii popote. Kashtuka tu.

Na raha ya kushtuka ni kwamba kitenzi chenyewe kinakufundisha sheria, hapa nakuomba uvumilie sarufi kidogo. Tuna kushtuka, tuna kushtua, tuna kushtuliwa. Mlinzi akiingiza mguu ndani ya ile nafasi halafu mshambuliaji aliye mbele yake akajitingisha kwa ajili hiyo, kosa linahama, si la aliyetingishika tena, ni la mlinzi. Kwa Kiingereza hilo lina jina refu la kuchosha ambalo hata Wamarekani wenyewe wanalichanganya na mengine. Sisi tunabadilisha mwisho wa neno tu: kashtuka mwenyewe, timu yake inarudishwa yadi 5, kashtuliwa, timu yake inasogezewa yadi 5. Ndo maana utaona mshambuliaji akitingishika wenzake wote wanaanza kumnyooshea mlinzi kidole, wanamwambia refa "huyu ndiye aliyemshtua", na marefa wakati mwingine wanakutana kujadiliana. Wanachojadili ni hicho tu, nani alianza.

Mlinzi akivuka na kumgusa kabisa mpinzani kabla ya mpira kuanzishwa, hapo sema "kamvaa". Nayo filimbi hapohapo. Ishara ya refa haitakusaidia, kuotea, kushtua na kuvaa kote anaweka mikono kiunoni, ila mama anaweza kuangalia kitu kingine: mchezo uliendelea au ulisimama. Uliendelea, kaotea. Ulisimama, kuna aliyeshtua au aliyevaa. Kuna hali moja inayotibua, mlinzi kaotea na njia nyeupe mpaka kwa kotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, hapo marefa wanapiga filimbi kumlinda kotabeki, lakini si kila siku. Kushtuka kwenyewe kuna ishara yake, refa anazungusha mikono mmoja juu ya mwingine mbele ya kifua.

Halafu kuna kuzuga, naomba msiliache nje. Kotabeki anapaza sauti, anaita, anabadilisha mdundo ghafla, hana nia ya kuanzisha mpira sekunde hiyo, anataka mlinzi aruke. Anazuga. Aaron Rodgers miaka yake ya Green Bay alikuwa fundi wa hii kitu: mlinzi anaruka, mpira unaanzishwa chap kabla hajarudi, kibendera kiko chini na mchezo unaendelea, Rodgers anarusha mbali kadiri anavyotaka kwa sababu hana cha kupoteza, ukidakwa na adui anachukua yadi zake 5. Kuzuga kwa sauti ni halali, ila akitingisha mwili ghafla kumdanganya mlinzi inageuka kosa lake yeye. "Kuzuga" watu wa Dar wanalielewa bila kuelezwa, wa Nairobi pengine uwaambie "anawadanganya kwa sauti".

Yaliyobaki ni mepesi. Saa ya kuanzisha mpira ni sekunde 40, au 25 kama mchezo ulisimamishwa na marefa, ikiisha "wamechelewesha", refa anakunja mikono kifuani. Msiseme "wamepoteza muda", kwenye soka hiyo ina hila ndani yake, kipa kalala anajifanya mgonjwa, wakati hapa mara nyingi ni kotabeki alikuwa bado anapanga watu. Wachezaji wa ushambuliaji wakihama nafasi, wote 11 lazima watulie sekunde nzima, wasipotulia "hawakutulia", na wakiwa chini ya 7 kwenye mstari "wamejipanga vibaya", hizi mbili zinamaliziwa mchezo ndo zinatangazwa. Wakiwa 12, "wamezidi", refa anaweka mikono kichwani.

La mwisho hukuliuliza ila litakufika Jumapili hii hii. Timu iliyokosewa inaweza kuamua haitaki zile yadi 5, kwa mfano mlinzi kaotea lakini pasi imepita yadi 30, nani achukue 5. Watangazaji wetu wachache wanaogusa mchezo huu husema "wamekataa adhabu". Msikilizaji wa Kiswahili akisikia fulani kakataa adhabu anajua ni mkosaji kagoma kuadhibiwa, yaani kinyume kabisa cha kilichotokea. "Wamesamehe" nayo siitaki, hakuna huruma yoyote hapo, wamepiga hesabu. Mi nasema "wameipotezea", neno la mtaani lakini limebeba maana yote, walikuwa na haki nayo wakaiacha kwa sababu walichonacho mkononi ni kikubwa zaidi. Kwenye soka refa ndo anaamua kuacha mpira uendelee kwa faida ya aliyekosewa, kwenye futiboli anaenda kuwauliza wenyewe, kwa hiyo mama akiona refa anaongea na nahodha baada ya kibendera, mwambie wanaulizwa wanaichukua au wanaipotezea.