Meya asiye na chama anahitaji kura ngapi barazani?

Swali la wiki hii lilikuwa kama meya aliyeshinda akiwa mgombea binafsi anaweza kuliongoza jiji ilhali baraza zima limejaa watu wa vyama. Naamini anaweza, ila jambo hilo hutegemea zaidi sheria iliyokiunda cheo chake kuliko wingi wa kura alizopata.

Mfano ulio wazi zaidi ni London. Ken Livingstone, aliyekuwa mbunge wa chama cha Labour cha Uingereza, alikosa uteuzi wa chama chake licha ya kuongoza miongoni mwa wanachama wa kawaida, akaamua kugombea peke yake, na Mei 2000 akashinda huku Frank Dobson, mgombea rasmi wa Labour, akiambulia nafasi ya tatu. Hakuwa mgeni, kwani alikuwa ameliongoza Baraza la Greater London, baraza la zamani la jiji hilo, hadi lilipovunjwa mwaka 1986. Mfumo wa kura nao ulimfaa, maana kila mpiga kura alikuwa na chaguo la kwanza na la pili, hivyo hofu ya mpiga kura kwamba kura yake itapotea bure, ambayo huwamaliza wagombea binafsi wengi, ilipungua.

Lakini kushinda ni nusu ya kazi. Kati ya wajumbe 25 wa Bunge la London, yaani baraza la jiji linalomsimamia meya, hakuna hata mmoja aliyechaguliwa kwa tiketi yake. Kilichomwokoa ni kwamba bajeti ya meya haiwezi kurekebishwa na wajumbe hao isipokuwa kwa theluthi mbili ya kura. Kwa hiyo, wote wakihudhuria, humtosha kupata tisa wanaokataa kuibadilisha. Tena mamlaka ya usafiri yalikuwa mikononi mwake, na ndiyo maana Februari 2003, kabla Labour haijamrudisha kundini, aliweza kuanzisha tozo ya magari yanayoingia katikati ya jiji.

Kwa wanaosema kwamba hayo huwezekana kwa mwanasiasa mzoefu tu, upo mji wa Hartlepool, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Huko Stuart Drummond, kijana aliyekuwa akivaa vazi la nyani kuwachangamsha mashabiki wa klabu ya mpira, alichaguliwa mwaka 2002 na akarudishwa mara mbili. Kilichomwondoa hatimaye si kushindwa katika uchaguzi, bali kura ya maoni ya 2012, ambayo wakazi waliitumia kukifuta cheo chenyewe.

Kwa hiyo, mgombea binafsi akija kuniomba kura, kabla ya kusikiliza ahadi zake nitamtaka anieleze bajeti yake itapitishwa kwa kura za madiwani wangapi, na atawapata wapi.