Digrii si lazima kwenye kazi ya mishahara
Si lazima uwe na digrii ya uhasibu ndipo uanze kazi ya kuandaa mishahara. Uanagenzi, yaani kujifunza kazi ukiwa kazini, unaweza kutosha, na mara nyingi unalipwa huku unajifunza. Mimi niliingia hivyo hivyo. Miezi ya kwanza nilikuwa nalinganisha tu karatasi za mahudhurio na saa za ziada, baadaye ndiyo nikapewa makato: mshahara ghafi, toa kodi, toa mchango wa pensheni, toa mkopo, kinachobaki ndicho mtu anapokea. Programu inapiga hesabu yenyewe, lakini ukiingiza saa 62 badala ya 26 inaweza kukubali bila kuuliza, kwa hiyo jicho lako ndiyo kazi yenyewe. Excel ijue vizuri. Ila soma mkataba kwanza, wengine wanaita uanagenzi kumbe ni kupanga mafaili tu.