DX yenye 4A-GE: ikishawaka, bado kazi ipo

Ukizunguka gereji za Nairobi au Dar es Salaam hukosi kuiona Toyota Corolla DX moja imesukumwa pembeni, boneti wazi, injini ya 4A-GE, ya Toyota pia, imeshakaa mahali pake na viti vimejaa vumbi. Ukimuuliza mwenyewe atakwambia inawaka. Na kweli inawaka. Tatizo ni kwamba injini ikishanguruma mwenye gari hukimbilia rimu, ekzosi na rangi, halafu gari likiingia barabarani linarudi likivutwa.

Kwa hiyo hapa hatuzungumzii kupachika injini. Tuchukulie DX yako ni ile KE70 ya boksi iliyoanza kutoka mwaka 1979, injini ya 4K imetolewa, 4A-GE ya cc 1587 na gia boksi ya T50 vimefungwa kwenye maunti, propela (shafti inayopeleka nguvu nyuma) imekatwa na kubalansiwa. Umepata injini yenye karibu nguvu mara mbili ya ile ya zamani, ndani ya gari lisilofika tani moja. Kilichobaki ni kulifanya litembee kilomita elfu bila kukuaibisha, na mpangilio wa kazi ni huu: mafuta, umeme, maji, breki, barabara. Rangi ni ya mwisho kabisa.

Mafuta

Hapa ndipo DX nyingi zinapokufa, na fundi hulaumu kompyuta ya injini bure. Tenki la KE70 lilitengenezwa kwa ajili ya kabureta. Kabureta ina bakuli lake la petroli, kwa hiyo hata pampu ikinyonya hewa kwa sekunde mbili injini haijui. Mfumo wa nozeli wa 4A-GE, unaopuliza petroli kwa presha, hauna akiba hiyo. Tenki likiwa robo, ukizunguka kipilefti kwa kasi kidogo, petroli inakimbilia upande mmoja, pampu inanyonya hewa, injini inakohoa. Ukinyoosha stelingi inarudi kama kawaida. Ukiona dalili hiyo usiguse sensa yoyote.

Dawa yake ni tenki dogo la akiba la lita moja na nusu hadi mbili, lifungwe wima ndani ya buti au chini ya gari mbali na ekzosi. Pampu ya presha ndogo inavuta kutoka tenki kubwa na kujaza hilo dogo. Pampu ya presha kubwa inanyonya kutoka sehemu ya chini kabisa ya tenki dogo na kupeleka mbele. Petroli inayorudi kutoka kwenye regyuleta ya reli ya nozeli inarudi kwenye tenki dogo, si kubwa. Kisha juu kabisa ya tenki dogo toa bomba la ziada linalorudi tenki kubwa; hilo ndilo linalotoa hewa. Ukikosea na kuweka bomba hilo katikati, nusu ya tenki dogo itakuwa hewa siku zote na utakuwa umetumia pesa bure.

Mipira: usitumie ile ya kabureta inayouzwa kwa mita kila duka. Presha sasa inakaribia bar 3. Tafuta mpira ulioandikwa 30R9, na klempu za duara zisizo na matundu, kwa sababu zile za matundu hukata mpira zikikazwa. Baada ya kufunga, unganisha pampu moja kwa moja na betri kwa dakika tano injini ikiwa imezimwa, pitisha tishu nyeupe kwenye kila kiungo. Pua nayo inasaidia, ila tishu haidanganyi.

Halafu kuna ujanja mmoja wa gereji ambao ni hatari: pampu kupewa moto moja kwa moja kutoka swichi. Gari likigonga, injini inazima lakini pampu inaendelea kumwaga petroli. Pampu ipite kwenye relei (swichi inayowashwa kwa umeme) inayoamriwa na kompyuta. Kipimo ni rahisi: fungua swichi bila kupiga stata. Pampu ikilia sekunde chache ikanyamaza, au isipolia kabisa, sawa. Ikiendelea kulia dakika nzima, rudisha kwa fundi umeme.

Umeme

Waya za DX zina karibu miaka arobaini au zaidi. Usizitwike feni, pampu na kompyuta. Vuta waya mpya mnene kutoka betri hadi boksi jipya la fyuzi na relei: feni fyuzi ya ampea 30 na waya wa milimita mraba 4, pampu fyuzi ya 15 na waya wa 2.5. Taa kubwa nazo zipe relei, utashangaa zinavyong'aa.

Ethi, yaani waya za hasi, ndiyo mzizi wa maradhi yote. Zinatakiwa angalau tatu: betri hadi bodi, betri hadi bloku ya injini, na injini hadi ukuta wa moto (bati linalotenga injini na abiria). Ethi za kompyuta zikae kwenye injini yenyewe, zisifungwe kwenye skrubu ya dashibodi iliyopakwa rangi. Kupima, weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, mwenzako apige stata. Ikizidi volti 0.3, ethi ni mbovu hata kama waya unang'aa. Ethi ya injini ikikosekana, umeme wa stata hutafuta njia nyingine na mara nyingi hupita kwenye kebo ya eksileta. Kebo inapata moto, plastiki ya ndani inayeyuka, na eksileta inang'ang'ania ikiwa wazi. Watu wamebadilisha kebo mara tatu bila kujua wanachopambana nacho ni waya wa ethi.

Alteneta ikishafungwa, hakikisha taa ya betri ya dashibodi imeunganishwa na balbu yake ni nzima. Balbu hiyo si pambo. Ndiyo inayoamsha alteneta. Injini ikiwaka mita isome kati ya 13.8 na 14.4.

Jambo jingine la kuangalia ni kama kompyuta na injini ni ndugu. 4A-GE ya vali 20 (20V) ya kofia ya rangi ya fedha, ile ya Corolla ya AE101, hupima hewa kwa kibao kinachofunguka kwenye bomba. 20V nyeusi ya AE111 hutumia sensa ya presha. Kompyuta ya moja haiendeshi nyingine. Kwenye zile za kibao, tundu lolote la hewa baada ya kibao, hata mfuniko wa oili usiokaza au stiki isiyokaa vizuri, hufanya gari lisishike sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga eksileta), linapanda na kushuka. Kabla ya kununua sensa, kaza mfuniko wa oili.

Maji

Rejeta ya 4K ni ndogo. Itavumilia mjini asubuhi, itakuangusha kwenye foleni ya saa nane. Weka ya safu mbili au ya aluminiamu, yenye feni ya umeme ndani ya kasha linalofunika rejeta nzima, na swichi ya feni inayoshika kwenye nyuzi 90 hivi. Tamostati iwepo. Kuitoa "ili injini ipoe" ni ushauri mbaya: injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani bado ni baridi na inaendelea kumwaga petroli ya ziada.

Kifuniko cha rejeta ni kitu kidogo chenye kazi kubwa, hasa nyanda za juu. Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, maji matupu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kifuniko kizima cha bar 0.9 kinapandisha kiwango hicho hadi karibu 115. Kifuniko kilichochoka ndicho kinachofanya gari lichemke Limuru na lisichemke Mombasa.

Kutoa hewa: inua pua ya gari, fungua hita hadi mwisho, jaza polepole kifuniko kikiwa wazi, washa hadi tamostati ifunguke na bomba la juu lipate moto ghafla, ongeza, funga. Geji ya dashibodi iachie sensa yake ya zamani ya waya mmoja. Sensa ya kompyuta yenye waya mbili ni kazi nyingine. Ukizichanganya geji itasoma katikati huku injini ikiungua.

Breki

Nguvu zimeongezeka, ngoma za nyuma ni zile zile. Ukiweza, hamishia mbele diski na kalipa kubwa zaidi. Usipoweza, weka pedi nzuri na oili mpya ya DOT 4. Oili ya breki hunyonya unyevu: mpya huchemka si chini ya nyuzi 230, lakini iliyojaa unyevu inaweza kuchemka kwenye 155, na hapo pedali inazama hadi sakafuni ukiteremka mteremko mrefu.

Kwa magari yetu ya stelingi ya kulia, anza kutoa hewa gurudumu la nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, umalizie mbele kulia. Pedali ikibaki chini ingawa hakuna hewa, usikimbilie kununua masta ya breki. Mara nyingi ni viatu vya nyuma havijakazwa. Kaza adjasta hadi gurudumu lianze kukwaruza kidogo, legeza meno mawili. Kwenye 20V, yenye throtoli nne, pima pia busta, inayopunguza uzito wa pedali kwa vakyumu ya injini: injini ikiwa imezimwa kanyaga mara tano, shikilia, washa. Pedali inatakiwa ishuke kidogo. Isiposhuka, tafuta tundu au vali ya bomba la vakyumu.

Pedi mpya zifundishwe: kutoka kilomita 60 kwa saa punguza hadi 15 bila kusimama, mara nane hadi kumi, kisha tembea dakika kumi bila kukanyaga. Usivute hendibreki zikiwa za moto.

Kuwasha na kutoka

Toa plagi, chomoa nozeli, piga stata kwa vipindi vya sekunde kumi hadi presha ya oili ionekane. Kabla ya hapo pima kompresheni. Silinda zisipishane zaidi ya psi 14. Kama injini ni ya mtumba kutoka Japani au Sharjah, badilisha belti ya taimingi na oili sili bila kubahatisha, hasa 20V, ambayo belti ikikatika vali hugonga pistoni. Taimingi ipimwe kwa taa, matundu ya TE1 na E1 kwenye soketi ya ukaguzi yakiwa yameunganishwa: digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu. Bila kuunganisha, unapima kitu ambacho kompyuta inakibadilisha kila sekunde.

Injini iliyofanyiwa oveholi isiachwe ikikaa sailensa nusu saa. Ringi zinahitaji mzigo ili zikae. Gia ya tatu, kanyaga nusu kutoka mizunguko 2,500 hadi 4,500, achia ishuke yenyewe, rudia mara kumi. Tumia oili ya kawaida, si sinthetiki, imwage baada ya kilomita 100, kisha tena baada ya 1,000. Gia boksi ipate 75W-90 ya GL-4; GL-5 ni ya difu, kwa sababu inaweza kula shaba ya sinkronaiza.

Safari za kwanza zisizidi kilomita tano kutoka nyumbani. Beba kizima moto cha unga cha kilo moja, fyuzi, relei moja, spana, maji. Kila ukirudi, ingia chini na tochi: mpira unaogusa ekzosi, nati iliyolegea, oili. Nati za magurudumu zikazwe kwa nyutoni mita 100 na zirudiwe baada ya kilomita 50.

Gari likitetemeka kwenye 80, weka nyutro likiwa bado linakimbia. Likiendelea, injini haina hatia. Ni tairi, rimu isiyokaa katikati ya habu, au propela. Propela ikikaguliwa, angalia pembe: mkia wa gia boksi na pua ya difu viende sambamba, tofauti isizidi digrii moja, na pachi ya mbele (ncha ya propela inayoteleza ndani ya gia boksi) ibaki na nafasi ya milimita 20 ya kuingia. Ukisikia "tok" kila unapoondoka, ni bushi za mikono minne inayoshika ekseli ya nyuma. Na usitoke kwa kuachia klachi ghafla. Difu ya DX ya injini ya K ni ndogo, meno yake hayakuhesabiwa kwa 4A-GE. Ukitaka mbwembwe hizo, kwanza tafuta difu kubwa zaidi.

Namba ya injini nayo ibadilishwe kwenye logbook kwa walio Kenya, au kwenye kadi ya gari kwa walio Tanzania, na bima iambiwe. Bima hutafuta sababu ya kutolipa, usiwape ya bure.

Likishatembea kilomita elfu bila uvujaji, ndipo liende kwa mpiga rangi. Ukilipaka mapema, kila mara boneti itakapotolewa kurekebisha kitu utaongeza mkwaruzo. Na fundi wa bodi akitaka kuchomelea, chomoa betri na soketi ya kompyuta kwanza, ethi ya mashine ishikwe karibu na pale anapochoma, isishikwe kwenye injini.